Pakiti mbili zilizobaki Dar: kisa cha fundi wa betri za taa za dagaa kutoka Kigoma

Usuli

Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, dagaa hujikusanya kwenye mwanga, wavu huinuliwa. Zamani mwanga huo ulitoka kwenye karabai. Siku hizi vyombo vingi vya Kigoma vinatumia taa za LED na betri, na betri hizo zimeleta kazi mpya mialoni, yaani mahali vyombo vya wavuvi vinapotia nanga: fundi wa kuziunda, kuzichaji na kuzifufua.

Kisa hiki ni cha mmoja wa mafundi hao, mtu mzima mwenye wajukuu. Nitamwita Fundi. Aliyesafiri naye nitamwita Mratibu, binti anayefanya kazi na kikundi kidogo cha kusaidia wabunifu wa vifaa vya sola. Nimeondoa majina yao, mwalo, shirika la ndege na jina la maonesho waliyokwenda. Mengine ni kama walivyonisimulia, kila mmoja kwa wakati wake. Mimi nafundisha umeme wa sola, na kila ninapowasimulia mafundi kisa hiki wananiuliza swali lile lile alilouliza Fundi pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, betri zake zilipokataliwa kupanda ndege: kama hesabu ilikuwa sawa, kosa lilikuwa wapi? Swali hilo linastahili jibu la kina, kwa sababu wanaoliuliza ni watu makini.

Fundi hununua betri za laptopu zilizokufa, huzipasua na kuchambua seli ambazo bado zina uhai. Kila seli ni ya lithiamu, mche duara, kipenyo milimita 18, urefu milimita 65, umevalishwa ngozi nyembamba ya plastiki. Huipima kwa multimeta, kifaa cha kupimia umeme, huichaji, kisha huiacha mezani siku kadhaa aone kama volti zinashuka zenyewe. Inayoshuka inatupwa pembeni. Zilizopona huzipanga tatu tatu kwa mfululizo apate volti 11.1, huziunganisha kwa utepe wa nikeli, hufunga saketi ya ulinzi juu yake, kisha huzungushia plastiki inayonywea kwa moto. Fungu hilo la seli ndilo pakiti. Pakiti zake nimezishika mkononi. Hakuna ncha ya utepe inayochomoza, hakuna waya uliopinda vibaya. Nasema hivi mapema ili msomaji asidhani pakiti zilikataliwa kwa sababu ya ufundi mbovu.

Mwaliko ulikuwa wa maonesho ya vifaa vya sola India. Ulikuja wakati mzuri, kipindi ambacho ziwa linapumzishwa, kati ya Mei 15 na Agosti 15, mialo inapokuwa kimya na fundi wa taa hana wateja. Alitakiwa kuonesha taa yake nzima ikiwaka.

Hesabu ya mezani

Mratibu alipata masharti ya jumla ya betri za lithiamu kwa abiria na akamsomea. Kipimo kinachotumika ni wati-saa, zinazoandikwa Wh, ambazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa amp-saa, yaani kiasi cha chaji ambacho betri inahifadhi. Betri isiyozidi Wh 100 abiria anaweza kuibeba bila kuomba ruhusa. Kati ya Wh 100 na 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba za ukubwa huo haziruhusiwi kuzidi mbili. Ikizidi 160, abiria wa kawaida haruhusiwi kuibeba kabisa. Na betri yoyote ya akiba, yaani ambayo haiko ndani ya kifaa chake, inakaa kwenye begi la mkononi. Haiendi kwenye tumbo la ndege, hata iwe ndogo. Pawabenki nayo huhesabiwa kuwa betri ya akiba.

Fundi akachukua kalamu. Pakiti ya taa moja ilikuwa na seli 24. Seli moja ni volti 3.7, na kwa vipimo vyake zilikuwa na wastani wa amp-saa 2.2. Hiyo ni Wh 8.14 kwa seli, zaidi kidogo ya 195 kwa pakiti nzima. Imepita kikomo.

Hapo akafanya uamuzi wa kwanza. Aliivunja pakiti, akaunda mbili za seli 12, kila moja chini kidogo ya Wh 98, na kila moja na saketi yake ya ulinzi. Taa ingewaka kwa pakiti moja, muda tu ungepungua. Sababu yake aliieleza hivi: "Wamesema mia, nimewapa tisini na nane. Nimetii." Ni sababu ya mtu anayeheshimu sheria, na kwa yale aliyokuwa amesomewa hapakuwa na kitu cha kumwambia vinginevyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa mahali pa kuweka. Pakiti moja iliingia begi la mkononi la Fundi, nyingine la Mratibu, ncha za waya zimefunikwa kwa solotepu ya umeme. Laptopu na pawabenki zao pia zilikwenda mkononi. Hadi hapo sawa.

Uamuzi wa tatu hawakuujadili, na ndio ulioleta shida ya kwanza. Fundi alichukua seli sita za ziada, akazitia kwenye soksi, soksi akaisukuma kwenye begi kubwa pamoja na bisibisi, skrubu na vipande vya utepe wa nikeli. Kwake hizo hazikuwa betri za kusafiria. Zilikuwa vipuri, kama skrubu, na vipuri hukaa na vifaa vya kazi.

Kigoma hadi Dar es Salaam

Ndege ya Kigoma haikuwa kubwa, na kabati za juu ya viti zilikuwa finyu. Abiria walipofika kwenye ngazi, mhudumu alianza kukusanya mabegi ya mkononi yaliyokuwa makubwa ili yaingie kwenye tumbo la ndege. La Fundi lilikuwamo. Alikwisha kulitoa mkononi, Mratibu akasema, "Samahani dada, humo kuna betri." Mhudumu akalirudisha pale pale: "Baba, toa betri zote, kaa nazo wewe." Fundi akatoa pakiti na pawabenki, akapanda navyo mkononi, begi likashuka chini bila betri.

Jambo hili lilikwisha kwa dakika moja, ila ni sehemu ya safari ambayo wasafiri wengi huipuuza. Mtu anapanga vizuri nyumbani, betri zote mkononi, halafu begi linachukuliwa mlangoni naye anaona ni begi tu. Sharti linafuata betri popote begi linapokwenda. Mratibu alikuwa ameielewa sababu ya sharti, si maneno yake tu, ndiyo maana aliweza kulitumia mahali ambapo karatasi yake haikupataja.

Dar es Salaam, jengo la safari za nje

Mabegi yote yalipita kwenye mashine ya mionzi mlangoni. Begi kubwa la Fundi likasimamishwa. Kwenye skrini zilionekana nguzo fupi sita zimelala ovyo katikati ya vyuma. Ofisa, kijana mwanamke, akamwomba afungue. Soksi ikatolewa. Alipoimimina kwenye trei, seli mbili zilidondoka pamoja na skrubu iliyokuwa imepenya kwenye nyuzi za soksi.

Fundi hakubisha kuhusu soksi. Aliniambia kuwa alipoiona ile skrubu imelala karibu na kichwa cha seli, alielewa bila kuambiwa. Katika seli hizi gamba lote ni hasi, na chanya ni kile kichwa kidogo cha juu; kinachovitenga ni pete ya karatasi na ile ngozi ya plastiki, ambayo kwenye seli za kuchokonoa kutoka betri kuukuu mara nyingi imechanika. Chuma kikigusa vyote viwili, imepiga shoti. Seli zikazuiwa.

Kisha wakafika kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi, na hapo ndipo mjadala ulipokuwa mrefu. Ofisa wa pili alishika pakiti, akaigeuza pande zote.

"Baba, hii imetengenezwa kiwanda gani?"

"Nimetengeneza mwenyewe."

"Ina Wh ngapi?"

"Tisini na nane. Nikupigie hesabu?"

"Sina shaka na hesabu yako baba. Imeandikwa wapi?"

Haikuwa imeandikwa popote. Fundi alitoa daftari lake lenye vipimo vya kila seli. Akaonesha saketi ya ulinzi kupitia plastiki inayopitisha mwanga. Akaomba apewe multimeta. Ofisa alisikiliza kwa adabu, akamwita mkubwa wake, na mkubwa akarudia jibu lile lile: pakiti ya kuundwa kwa mkono haipandi ndege ya abiria. Ndipo Fundi akauliza lile swali. Hesabu iko sawa, kosa liko wapi?

Katika mkanda huo huo pawabenki yake nayo ilikwama. Ilikuwa ya mAh 20,000, yaani amp-saa 20, ambayo kwa volti 3.7 ni Wh 74, ndani ya kikomo kabisa. Lakini maandishi yalikuwa yamefutika kwa kukaa mfukoni na funguo. Ya Mratibu, ya uwezo ule ule na maandishi yake yakisomeka, ilipita.

Walikuwa wamefika mapema, na hilo liliokoa mengi. Mpwa wa Fundi aliyewasindikiza alikuwa bado nje. Mratibu alitoka na ruhusa, akamkabidhi pakiti mbili, seli sita na pawabenki. Ofisa angeweza kuvichukua moja kwa moja. Aliwapa nafasi ya kuvirudisha nyumbani, na nampongeza kwa hilo. Fundi alishauri wazitume kwa ndege ya mizigo. Mratibu alikataa bila kusita, na alikuwa sahihi: pakiti isiyoruhusiwa kwa sababu haijapimwa haigeuki salama kwa kuitwa kifurushi.

Matokeo

Walifika India na taa, mashine ya kuchajia ya sola na boksi tupu la betri. Siku ya kwanza ya maonesho taa iliwaka kwa umeme wa ukutani kupitia adapta ya volti 12. Siku ya pili Mratibu alinunua dukani betri ya kawaida ya asidi na risasi ya volti 12, ile ndogo iliyofungwa inayotumika kwenye ving'ora, na taa ikawaka bila waya wa ukutani.

Taa ilisifiwa. Lakini aliyekwenda pale hakuwa mtengeneza taa tu. Sifa yake kubwa ni kutoa uhai mpya kwenye seli zilizotupwa, na hicho ndicho watazamaji hawakukiona. Alionesha picha kwenye simu, akapitisha boksi tupu mkononi mwa watu akieleza mahali seli zinapokaa. Mratibu anasema ilikuwa vigumu kumtazama.

Wakati wa kurudi Fundi alivutiwa na betri ya kiwandani ya lithiamu ya volti 12.8 na amp-saa 20. Akazidisha kichwani: Wh 256. Akairudisha mwenyewe juu ya meza ya muuzaji.

Uchambuzi: sharti linaogopa nini

Betri ya lithiamu ikiharibika ndani, kwa shoti, kwa kubonyezwa au kwa kasoro ya kiwandani, joto lake huchochea mmenyuko unaotoa joto zaidi, na seli moja huwasha jirani yake. Pakiti ya seli 12 ni nyumba 12 zilizoshikana kuta. Kwenye tumbo la ndege hakuna wa kuufikia moto huo, na gesi ya haloni inayotumika kuzimia huko hufifisha miali lakini haiizuii seli kuendelea kujichoma. Kwenye chumba cha abiria wahudumu wanauona moshi mapema na wanaweza kumwaga maji mengi kuipoza betri. Hiyo ndiyo sababu ya kuambiwa ubebe mkononi.

Masharti haya yalipatikana kwa gharama. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya usafirishaji ya UPS iliyoondoka Dubai ikiwa na shehena yenye betri za lithiamu ilishika moto angani na kuanguka, na marubani wake wawili wakafa. Tangu Aprili 1, 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga la Umoja wa Mataifa limepiga marufuku betri za lithiamu ayoni zinazosafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria. Januari 28, 2025 ndege ya Air Busan iliungua uwanjani Busan, Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati la juu ya viti. Watu wote 176 walitoka hai. Baada ya hapo mashirika kadhaa yameanza kutaka pawabenki ikae karibu na mwenyewe, mahali inapoonekana. Emirates tangu Oktoba 1, 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100, na haikubali itumike ndani ya ndege. Anayepita Dubai akitokea Dar ajue hilo kabla ya kufunga begi.

Uchambuzi: hesabu ilijibu swali moja kati ya mawili

Kikomo cha Wh kinauliza: moto ukitokea, utakuwa mkubwa kiasi gani? Fundi alijibu hilo vizuri kuliko wasafiri wengi ninaowajua. Ila kuna sharti la pili linalosimama kabla ya hilo: betri iwe ya aina iliyopita majaribio ya Umoja wa Mataifa, yanayojulikana kwa namba 38.3. Majaribio hayo ni manane. Betri huwekwa kwenye hewa nyepesi kama ya juu angani, hupitishwa kwenye joto kali na baridi kali kwa zamu, hutikiswa, hupigwa mishtuko, hupigishwa shoti makusudi, seli zake hugongwa au kubonyezwa, hujazwa chaji kupita kiasi, na seli hulazimishwa kuisha chaji hadi chanya na hasi zigeuke.

Fundi aliniambia, na wengine hunieleza hivyo pia, kwamba seli zake zilitoka kwenye betri za laptopu za viwanda vikubwa, kwa hiyo zilikwisha kupimwa. Ni hoja nzuri na inahitaji jibu. Zilipimwa zikiwa mpya, na pakiti ya kiwandani ilipimwa ikiwa na mpangilio wake, maungio yake na boksi lake. Ukiipasua na kuunda nyingine, umetengeneza betri mpya ambayo haijawahi kutikiswa wala kupigishwa shoti mbele ya mtu yeyote. Tena nusu ya historia ya seli hizo haijulikani: zilichajiwa wapi, zilianguka mara ngapi, zilikaa juani muda gani. Multimeta inaonesha volti za leo. Haioneshi kovu la ndani.

Mwalo mzima unamwamini Fundi kwa sababu wanamjua, na pakiti ikisumbua wanajua pa kumpata. Ofisa wa uwanja ana sekunde chache, hamjui, na akikosea hakuna wa kurudi kesho. Anahitaji kitu kinachosomeka bila maelezo ya mwenyewe. Pawabenki iliyofutika maandishi ilianguka kwenye shimo hilo hilo, ingawa ilitoka kiwandani. Kwa hiyo kuivunja pakiti kubwa kuwa mbili, kazi iliyomla Fundi siku kadhaa, hakukubadilisha chochote. Ingekuwa seli 12 au tatu, jibu lingekuwa moja.

Yaliyofaa na yaliyokwama

Kilichofaa zaidi ni ile sentensi ya Mratibu kwenye ngazi za ndege. Cha pili ni kufika mapema na kuwa na mtu nje wa kupokea mzigo, mali haikupotea. Kufunika ncha za waya pia kulikuwa sahihi. Ukiwa na betri za kamera au za tochi, kila moja ikae kwenye kasha lake au mfuko wake, ncha zimefunikwa.

Kilichokwama ni kwamba maandalizi yote yalimlenga abiria, na safari hii haikuwa ya abiria mwenye simu na laptopu. Ilikuwa ya mtu anayebeba bidhaa aliyoiunda. Swali la kwanza kwa shirika la ndege, kwa maandishi na wiki kadhaa kabla, lilipaswa kuwa: "Betri hii ni ya kuundwa, haina lebo ya kiwanda, inakubalika?" Jibu lingekuwa hapana, na hapana ya mapema ni rahisi kuishi nayo. Wangewaomba wenyeji wa maonesho waandae betri ya volti 12 mezani. Wangetengeneza pakiti ya maonesho kwa mirija ya plastiki yenye umbo la seli, iliyofungwa utepe halisi na saketi halisi, ambayo mtu angeishika na kuona kazi yote ya mikono ya Fundi bila chembe ya lithiamu ndani.

Soksi ninaiweka peke yake kwa sababu ndiyo iliyokuwa na hatari ya kweli. Pakiti zilikosa ushahidi. Seli sita zilizolala na skrubu zilikuwa moto unaosubiri mtikisiko, na zilikuwa zikielekea mahali pasipofikika. Zilikuwa zimekwisha kusafiri hivyo kutoka Kigoma. Mafundi, tafuteni kwenye mifuko ya vifaa vyenu kabla ya kusafiri: betri ya bisibisi ya umeme, seli ya tochi ya kichwani, betri ya multimeta ya akiba. Neno "vipuri" huzificha.

Baada ya kurudi

Pakiti mbili zilirudi Kigoma kwa treni pamoja na mpwa, na ziwa lilipofunguliwa zikaungwa tena kuwa moja ya seli 24. Fundi sasa anabandika kwenye kila pakiti karatasi yenye volti, amp-saa, Wh na tarehe ya kuundwa, kwa faida ya wavuvi, akijua kabisa kwamba karatasi hiyo haiipandishi ndege. Mwaliko mwingine umekuja, wa nchi jirani, na safari hii Mratibu amekwisha kuandika kuuliza kama kuna barabara. Boksi la maonesho lenye mirija ya plastiki liko mezani kwa Fundi, nusu limekamilika. Anabishana nami kama utepe wa nikeli uunganishwe kwa kuchomelea kweli au kwa gundi. Yeye anataka kuchomelea.